Kaunta buku ya kwaya mbili kwa mtu anayetaka kuandika shairi kila siku, maoni yangu kutoka Mbeya

Naandika hapa kuhusu kaunta buku. Ile ile ya jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu, ambayo dukani wanaandikia madeni, kikoba wanaandikia hisa na marejesho, ofisi ya mtaa wanaandikia wageni. Mi naitumia kuandikia mashairi, ubeti mmoja kila siku, na nimekaa nayo muda wa kutosha kuisemea, nimepita nayo mvua zote, nimepita nayo kiangazi, na nimepita nayo ile baridi ya Juni na Julai ya hapa Mbeya ambayo wenyeji mnaijua haina utani.

Nimeamua kuandika kwa sababu naona watu wengi siku hizi wanatafuta kitu cha kuwatuliza akili, mtu anaamka anashika simu, analala na simu mkononi, katikati hapo siku nzima imepita na ukimuuliza ilikuwa na nini ndani yake hana jibu, afu mtu huyo huyo anaenda kutoa elfu thelathini kununua daftari la kifahari la kujitafakari ambalo baada ya wiki mbili linakaa juu ya kabati. Kabla hujatoa hiyo hela soma kwanza hapa.

Nianze na kitu chenyewe. Kaunta buku zinauzwa kwa kwaya, yaani quire, kipimo cha wingi wa kurasa, sio kwaya ya kuimba. Kwaya moja ni kurasa 96, mbili ni 192, tatu 288, nne 384. Mi nachukua ya kwaya mbili saizi ya A4. Ukiandika ukurasa mmoja kwa siku inakupeleka miezi sita na kidogo, yaani unaanza mvua za kwanza zinapodondoka Novemba unakuja kuimaliza baridi ndo inaingia. Ya kwaya moja inaisha mapema sana, hujazoea vizuri ushaanza kutafuta nyingine. Ya nne inazidi mwaka mzima lakini ni zito, ukiliona tu mezani unajisikia umepewa kazi. Bei nilichukua 4,000, duka jingine jirani walikuwa wanataka 5,000 kwa kitu kile kile kwahiyo ulizia ulizia usiwe na haraka.

Nilinunua kwenye kaduka ka steshenari maeneo ya Kabwe, ka mama mmoja mtu mzima. Nikamsalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu. Nikamwambia nataka kaunta buku. Akaniuliza, ya kikoba au ya shule? Nikamwambia hapana mama, ya mashairi. Nilifikiri atashangaa. Hakushangaa hata kidogo, akarudisha ile aliyokuwa ameshika, akainama chini ya kaunta akatoa nyingine, akaifungua katikati akanionesha uzi. "Ya mashairi utaifungua fungua sana mwanangu, chukua hii ya kushonwa, ile ya gundi itakuachia." Huo ndo ushauri bora niliopewa kwenye jambo hili lote na nauhamisha kwenu kama ulivyo. Fungua kaunta buku katikati ya kila furushi la karatasi, uangalie kama kuna uzi umepita. Ukiona uzi nunua. Ukiona gundi tu mgongoni, rudisha. Kabla ya hapo nilishawahi kununua ya gundi mahali pengine (sitaji duka) na karatasi zikaanza kuchomoka moja moja, kwa mwenye duka anayeandika madeni labda haimuumi sana maana deni likilipwa linakatwa, lakini ubeti ukipotea umepotea na ile siku yake.

Sasa kwa nini A4 na sio kadaftari kadogo ka mfukoni, hapa ndo penye utamu wenyewe.

Shairi letu la kawaida, lile la tarbia, linakuwa na mishororo minne kwenye ubeti, kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16, na hizo 16 zinagawanyika nane kwa nane. Kipande cha kwanza wanaita ukwapi, cha pili utao. Ukwapi una kina chake, yaani silabi ya mwisho inayojirudia kila mshororo, na utao una kina chake. Sasa chukua kadaftari kadogo uandike mshororo wa mizani 16 kwa mwandiko wa kawaida wa mtu mzima. Haukai. Unavunjika, neno la mwisho linashuka chini peke yake, na vina vyako vinapotea huwezi kuviona vimejipanga. Kwenye simu ndo balaa zaidi, simu inakata mstari inapotaka yenyewe. Kwenye A4 ya kaunta buku mshororo mzima unakaa kwenye mstari mmoja na nafasi inabaki.

Na kuna kitu nafanya ambacho nawashauri sana. Kila ukurasa kabla sijaanza kuandika naukunja katikati kwa urefu, naupitishia ukucha kidogo, afu naukunjua. Ule mkunjo unabaki kama mstari mwembamba kutoka juu mpaka chini. Ukwapi unakaa kushoto kwa mkunjo, utao kulia. Ukimaliza ubeti unatazama tu, vina vya kati vimejipanga pembeni ya mkunjo kutoka juu kwenda chini, vina vya mwisho vimejipanga kulia, na kama kuna mshororo umezidi unaona hapo hapo maana umevuka mkunjo. Hakuna rula, hakuna programu. Karatasi ya kaunta buku ni ngumu kiasi, inakunjwa na haichaniki. Nilijaribu kwenye karatasi laini za diary ikawa inaacha alama mpaka ukurasa wa nyuma.

Watu wananiuliza hesabu zote hizo za nini, si unataka kutafakari tu, andika unavyojisikia. Kaka, dada, nisikilizeni hapa maana hili ndo jambo lililonifanya nikae chini kuandika haya yote. Ukiandika unavyojisikia utaandika kile ambacho tayari unacho kichwani, leo nimechoka, leo nimefurahi, Mungu mwema, kesho itakuwa nzuri. Siku thelathini unaandika kitu kimoja. Kina kinakukatalia hilo. Neno la kwanza lililokuja haraka halikai, unalazimika kurudi kwenye siku yako kutafuta lingine, na kule kurudi kutafuta ndo kutafakari kwenyewe.

Niwaoneshe ubeti mmoja wa kwangu wa asubuhi ya ukungu, nilikuwa nasubiri daladala kituo cha Mafiati. Kawaida hapo nikisubiri natazama Mlima Loleza ulivyokaa juu ya mji, siku hiyo haukuwepo, ukungu mtupu. Pembeni yangu kuna mama anauza viazi vya kuchemsha na chai. Ubeti uko hivi:

Ukungu umefunika, Loleza sijaiona,
Mama viazi kaweka, mapema tumeonana,
Vidole vyatetemeka, na bado acheka sana,
Mlima ulofichika, mtu sasa nimemwona.

Sio shairi la kushindania tuzo. Lakini angalieni mshororo wa tatu. Mara ya kwanza ukwapi wake niliandika "maisha yamemchosha". Hesabu, ma-i-sha ya-me-m-cho-sha, nane kamili, mizani imekaa. Kina ndo kikakataa, nilishaanza na -ka huko juu, na hii inaishia -sha. Kwahiyo nikalazimika kuifuta, na wakati natafuta neno la -ka nikajiuliza, hivi mi nilimuona huyu mama amechoka na maisha? Nani kaniambia? Nilichokiona ni vidole vyake vinatetemeka wakati anamimina chai, basi, na wakati huo huo anacheka na konda wa daladala mpaka bega linacheza. Maisha yamemchosha ni maneno ambayo kila mtu anayasema akiona mtu anauza kitu barabarani alfajiri, nilikuwa nayo mfukoni tayari, sikuyatoa kwake. Kina cha -ka ndo kimenirudisha kumtazama mtu mwenyewe. Na ndo hapo mshororo wa nne ukaja, maana siku zote nimekuwa natazama mlima juu ya kichwa chake.

Hiyo kazi hakuna daftari lenye maswali yaliyochapishwa linaifanya. Nimeyaona yale madaftari, mazuri kwa macho, karatasi za rangi, kila ukurasa umeandikwa "taja vitu vitatu unavyoshukuru leo". Siku tatu za kwanza unaandika vizuri, kuanzia hapo ni familia, afya, kazi, familia, afya, kazi. Kushukuru ni kuzuri na mi nashukuru kila siku, ila swali likiwa lile lile kila siku jibu nalo linalala. Ubeti wa jana hauwezi kuurudia leo, ukiurudia unaona aibu mwenyewe.

Diary za ofisi, zile za kupewa bure Januari zenye tarehe, nazo naziweka pembeni kwa sababu moja tu. Tarehe. Ukiruka siku mbili tatu, labda ulisafiri, labda msiba, unafungua unakuta kurasa tupu zimeandikwa tarehe juu zinakutazama, na ukishaona matundu mengi unaacha kabisa. Kaunta buku haina tarehe. Umeruka siku umeruka, unaandika tarehe ya leo juu unaendelea, ukurasa unaofuata uko pale pale unakusubiri na hauna neno na wewe. Kwa mtu anayejenga mazoea hili ni jambo kubwa mno kuliko watu wanavyodhani.

Simu sitaisema sana. Ni nzuri kwa kurekodi sauti ukiwa njiani, mi nikiwa kwenye basi la kwenda Iringa, hasa pale tukishapita Makambako tunaingia kwenye ile misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga, miti imepangana mistari kwa mistari mpaka jicho linapotea, huwa mishororo inakuja yenyewe, narekodi kwa sauti ya chini, jioni nikifika nahamishia kwenye kitabu. Lakini kuandikia moja kwa moja kwenye simu hapana, unatafuta neno la kina, ujumbe unaingia juu ya kioo, umeshatoka.

Sasa upande wa kusoma maana hamna kutunga bila kusoma. Jumapili mi situngi, nanakili. Nachukua ubeti mmoja wa mtunzi wa zamani nauandika kwa mkono kwenye ukurasa wangu uliokunjwa hivyo hivyo, ukwapi huku utao kule, afu nausoma kwa sauti mara kadhaa. Ukiunakili kwa mkono unagundua vitu ambavyo ukisoma kwa macho huvioni, kwa mfano jinsi mtu anavyolifupisha neno, uliofichika inakuwa ulofichika, au anavyogeuza mpangilio, nyumbani kwangu inakuwa kwangu nyumbani, yote ili mizani ikae na maana isiumie.

Vitabu vyenyewe msinunue vyote, Mbeya tuna maktaba ya mkoa, ingieni, muulize rafu ya ushairi. Na kwenye meza za vitabu vya mtumba pale mjini diwani za zamani, yaani vitabu vya mashairi, huwa zinatokea, ukizikuta zina jina la mwanafunzi wa miaka hiyo limeandikwa ukurasa wa kwanza na penseli, beba.

Wa kuanza naye kwa maoni yangu ni Muyaka bin Haji wa Mombasa. Huyu aliishi mwishoni mwa karne ya 18 mpaka karibu 1840, na wataalam wanampa sifa ya kuutoa ushairi kwenye mambo ya dini na mashujaa akauleta sokoni, kwenye mapenzi, ugomvi wa mji, njaa, siasa za Mombasa na Zanzibar. Kwa mtu anayetaka ubeti wa kila siku huyo ndo mwalimu, maana yake alikuwa anatunga juu ya kilichotokea. Na kuna jambo linanigusa sana kuhusu huyu mzee, mashairi yake hayakukusanywa yeye akiwa hai, ni baadaye sana watu kama Mwalimu Sikujua walikaa wakayaandika kutoka kwenye vichwa vya waliokuwa bado wanayakumbuka. Mengine hatutayajua kamwe. Ndo maana nikisikia mtu anasema anatunga kichwani haandiki, namwambia nenda kanunue kaunta buku leo.

Afu kuna Shaaban Robert ambaye kila mtu anamjua kwa shule, 1909 mpaka 1962, lakini shule hawatuambii kwa msisitizo unaotakiwa kwamba alikuwa mwajiriwa kama mimi na wewe. Karani wa forodha tangu 1926 mpaka 1944, baadaye idara nyingine za serikali, kote huko anafanya kazi ya ofisi na anatunga. Kwahiyo ile ya nimebanwa na kazi haina nguvu sana.

Na kwa sisi wa huku juu, Wasafwa, Wanyakyusa, Wahehe, Wabena, Wakinga, ambao wengine tumeambiwa ushairi ni mali ya watu wa pwani, someni habari za Mathias Mnyampala. Mgogo wa Dodoma, kazaliwa 1917, Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, na ndo aliyezipa ngonjera nguvu nchi nzima miaka ile baada ya Azimio la Arusha. Bara kabisa, hakuna bahari wala mnazi. Mi hata maneno ya Kinyakyusa yakikaa kwenye mizani nayaingiza, ndaga ni mizani mbili, asante ni tatu, kuna siku hiyo moja iliyopungua ndo inaokoa mshororo.

Hapa kuna ubishi ambao siwezi kuukwepa. Mdogo wangu anasoma chuo Iringa, nilimnunulia kaunta buku kama yangu, likizo akaja nayo, nikafungua nikakuta hamna mkunjo hata mmoja. Nikamuuliza mbona hukunji? Akanijibu, "Kaka mi hesabu zako sizitaki, mi ni wa Kezilahabi." Na kweli Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya kwanza 1974 yenye mashairi ambayo hayafuati vina na mizani palichimbika, wanamapokeo, yaani wale wanaoshikilia vina na mizani, wakasema hayo sio mashairi, ubishi ukadumu miaka. Upande wa pili alikuwepo mtu kama Kaluta Amri Abedi ambaye mwaka 1954 alikuwa ameshaandika kabisa sheria za kutunga, huyu ndo alikuja kuwa meya wa Dar es Salaam. Nilisoma za mdogo wangu usiku ule. Kuna moja kaandika juu ya mwamba wa Gangilonga pale Iringa jioni, mistari mifupi mifupi, mingine neno moja tu, na ilinikaa. Kwahiyo simkatazi. Maoni yangu yanabaki kwamba anayeanza aanze na vina kwa sababu vina vinamsukuma arudi kutazama, ambaye anajua kutazama bila kusukumwa aende huru. Mdogo wangu anajua. Mi bado nahitaji kusukumwa na sioni ubaya wowote.

Kuna watu wanahofia kwamba kila siku ni nyingi, shairi haliji kwa amri. Huko Marekani alikuwepo mshairi anaitwa William Stafford, 1914 mpaka 1993, alikuwa anaamka kabla hakujapambazuka anaandika, kila siku, miaka na miaka. Alikuwa akiulizwa siku lisipokuja anafanyaje, jibu lake ni kwamba anashusha viwango. Nimeiandika hiyo ndani ya jalada la kaunta buku yangu. Siku nikiwa hoi nashuka kwenye utenzi, mizani nane tu kwa mshororo, mishororo minne, vina mwishoni, inatoka wakati chai bado inachemka. Siku nyingine mishororo miwili tu inatoka na ya tatu inagoma, naiacha hivyo hivyo na mkunjo wake mtupu, kesho yake sirudi kuimalizia, naendelea mbele.

Muda wangu ni alfajiri kabla watu hawajaamka, natunga juu ya jana, sio juu ya leo. Nilijaribu usiku nikaona usiku unaandika ukiwa bado na hasira za siku, yule bosi, yule dereva wa bajaji, unamshtaki mtu kwa mizani 16. Asubuhi hasira imelala, kimebaki kilichotokea. Kila mtu ataona kinachomfaa lakini mi nawashauri mlale kwanza juu ya siku yenu afu ndo muandike.

Mapungufu sasa, maana yapo.

Kaunta buku ni kubwa, haibebeki kirahisi, kwenye daladala la asubuhi la kutoka Uyole kuja mjini huwezi kuifungua labda umkwangue abiria mwenzio jicho. Hiki ni kitabu cha kukaa nyumbani mezani. Unyevu nao, ukikaa Tukuyu au Kiwira ambako mvua ni nyingi sana, jalada linavimba pembe na karatasi zinakuwa laini, rafiki yangu wa Tukuyu anaiweka juu ya kabati la jikoni karibu na jiko na anasema inasaidia. Karatasi zenyewe ni za kawaida, ukitumia peni ya jeli wino unasambaa na unatokea upande wa pili, ukurasa wa kesho unaukuta umeshachafuka. Tumia peni ya kawaida ya wino mzito, ile ya mia tano.

Na hiyo peni ina shida yake kwa baridi ya huku. Juni alfajiri unaianza haiandiki, inakwaruza tu inaacha mfereji mweupe kwenye karatasi, wino umekuwa mzito kwa baridi. Usiitupe. Isugue katikati ya viganja kama mtu anayewasha moto wa kupekecha, au ikae kwapani wakati unakoroga chai, ikishapata joto inaachia. Mi nalala nayo ndani ya soksi siku hizo za Julai, asubuhi inaandika mara moja.

Shida nyingine ni usiri. Kwa sababu inafanana na kitabu cha madeni, kila anayeingia nyumbani anadhani ni ya hesabu, anaifungua. Shemeji yangu aliifungua akitafuta karatasi ya kuandika namba ya simu, akakuta ubeti juu ya marehemu baba yake ambaye ndo baba mkwe wangu, akausoma amesimama pale pale, akaniomba auchane aende nao. Sikumruhusu auchane kwa sababu ya uzi, ukichana karatasi moja ya kushonwa mwenzake wa upande wa pili analegea, nikamwambia dada kaa chini nikunakilie. Nikamnakilia kwa mwandiko mzuri na sasa uko nyumbani kwake Mbalizi kwenye fremu. Kwahiyo nauweka hapa kwenye mapungufu lakini mtaamua wenyewe.

Nimeona pia wenzangu wawili kazini wameanza, mmoja yeye haandiki tungo zake, ananakili tu za watu, ubeti mmoja kila asubuhi na chini yake anaandika sentensi moja, huu ubeti umenikumbusha nini. Basi. Hajatunga hata mshororo na hana mpango wa kutunga na mi naona anachofanya kina uzito ule ule, kwahiyo kama kutunga kunakutisha anza hivyo, kaunta buku ni ile ile na mkunjo ni ule ule.

Alama zangu, kaunta buku ya kwaya mbili ya kushonwa naipa nne na nusu kwa tano, nusu niliyokata ni kwa ajili ya karatasi na wino. Ya gundi naipa moja. Huduma ya yule mama wa Kabwe tano kwa tano, na ukienda kwake usiende saa ya mchana wanafunzi wamejaa kutoa fotokopi, nenda asubuhi anapofungua atakutolea ile ya chini ya kaunta. Na nendeni kabla ya Desemba kuisha, Januari shule zikifunguliwa zinazonunuliwa kwanza ni hizo hizo za kushonwa na zinazobaki zinapanda bei, mi yangu ya kwaya mbili inayofuata nimeshaichukua iko kabatini.